Kununua na kukusanya fimbo za zamani za mwanzi za kuvulia trauti: mwongozo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Ukimuuliza muuza vifaa vya uvuvi pale Mwanjelwa kama ana fimbo ya mwanzi ya kuvulia trauti, atakuonyesha nyavu na ndoana za pakiti. Hana kosa. Fimbo hizi hazijawahi kuwa bidhaa ya sokoni huku kwetu. Zililetwa kwenye mizigo ya Waingereza na walowezi wengine waliokuja kulima chai Mufindi, kutafuta dhahabu Chunya au kufanya kazi za serikali Mbeya na Iringa. Mito ya baridi ya milimani ilipandikizwa trauti, samaki ambaye si wa asili ya huku, na wenye kumpenda wakaja na vifaa vya kumvulia. Wenyewe waliondoka. Vifaa vingine vilibaki darini, stoo, au kwa mpishi aliyeachiwa siku ya kuagana.

Msimamo wangu niuseme mapema: nunua mwili wa fimbo kwanza, jina baadaye. Fimbo nzima ya kiwanda cha kawaida utaivulia miaka mingi. Fimbo ya jina kubwa ambayo gundi imeachia utaitundika ukutani na kuwaeleza wageni ilivyokuwa.

1. Ijue kwa macho na vidole

Uvuvi wenyewe ni wa nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Nzi huyo hana uzito wa kurushika, kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi, na fimbo inapaswa kupinda na kurudi vizuri ili kuupeleka. Kazi hiyo ndiyo iliyofanya mwanzi upendwe.

Usidhani ni ufito mmoja uliokatwa msituni. Fundi huupasua mwanzi, akachonga vijiti sita vyembamba vya pembe tatu, kisha akavibandika kwa gundi huku ganda lenye nyuzi ngumu likitazama nje. Ukiizungusha vidoleni utahisi pande sita bapa. Mwanzi unaotumika huitwa Tonkin na huota Guangdong, kusini mwa China. Huu wetu wa kugemea ulanzi una kazi yake nyingine.

Mwaka 1950 Marekani ilizuia biashara na China, mwanzi huo ukaadimika kwa mafundi wa huko na fimbo za faibaglasi zikapata nafasi. Uingereza na Ufaransa waliendelea kutengeneza za mwanzi kwa muda, ndiyo maana unaweza kukutana na ya miaka ya 1950 iliyo safi kabisa.

Ukikuta fimbo ya mviringo, nzito, ya kahawia iliyokoza na isiyo na alama za mafundo ya mwanzi, hiyo ni ya mti wa grinhati unaotoka Guyana. Ni ya kale kweli na wapo wanaozikusanya, ila isikuchanganye. Nyingine ya kuiangalia kwa makini ni ile iliyolala ndani ya kisanduku cha mbao pamoja na ncha nyingi (vile vipande vyembamba vya mwisho), nzi bandia na rili ndogo, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, inayong'aa kwa rangi. Nyingi za namna hiyo zilitengenezwa Japani baada ya Vita vya Pili ili kuuziwa askari na watalii. Zinapendeza kwenye picha, thamani yake ni ndogo.

Fimbo iliyokamilika kwa kawaida ina vipande viwili au vitatu, na zile nzuri huja na ncha mbili, moja ikiwa ya akiba. Zote hukaa kwenye mfuko wa kitambaa wenye vyumba. Mfuko usiutupe hata ukiwa umechakaa, nao unahesabiwa.

2. Ulizia kwa watu

Minada ya vyombo vya nyumba za mashamba, wauza vitu vya kale, mafundi seremala wanaoletewa samani za zamani: kote huko pitia na acha namba yako. Lakini fimbo zenyewe ziko kwa wazee waliofanya kazi kwenye nyumba za mabwana shamba na mameneja, au kwa watoto wao. Huko mambo hayaendi kwa haraka ya kidalali. Unaingia kwa salamu, unakaa, unakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, mvua hii."

"Asante. Mama wa duka pale chini ameniambia unayo ile fimbo ya kuvulia ya bwana wa zamani."

"Ipo. Vipande viwili viko juu darini. Cha tatu bibi yako alikichomeka kwenye maharage."

Usicheke, nenda bustanini ukakitazame. Kipande kilichosimama msimu mmoja kwenye udongo mbichi huwa kimekwisha upande wa chini, ila chuma chake na pete zake za kupitishia mshipi zinaweza kuwa nzima, na vipuri vya fimbo ileile ni vigumu kupata kuliko unavyodhani.

Bei usiitaje siku ya kwanza. Mweleze mzee ukweli kwamba nchi za nje wapo wanaolipia vitu hivi, na kwamba bei inategemea hali ya fimbo. Wajukuu wana simu, watatafuta. Ikisikika kwamba ulimlalia mzee wa watu, kijiji kizima hakitakuonyesha kitu kingine.

Halafu andikeni hati ya mauziano, nakala mbili, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa akiwa shahidi. Hili nalisisitiza kwa fimbo zilizotoka kwenye nyumba za mashamba makubwa. Mzee akisema aliachiwa na bwana wake, andikeni hivyo. Akisema aliikuta stoo ya kampuni, nenda kwanza ofisi ya shamba, kwa sababu huenda bado ni mali yao.

3. Kagua, na usione haya kuchukua muda

Hapa ndipo fedha yako inapookoka au kupotea. Beba futi ya fundi cherehani, simu yenye tochi, kitambaa kikavu na kipande cha soksi nyembamba ya nailoni. Omba utoke barazani kwenye mwanga.

Anza kwa kupima. Ncha mbili zilaze sambamba, zinapaswa kulingana zenyewe kwa zenyewe. Vipande vingine navyo kwenye fimbo nyingi hulingana, au hupishana kidogo tu kwa sababu ya kiungio, kile chuma kinachounganisha vipande. Ncha moja ikiwa fupi kwa inchi mbili tatu, ujue ilivunjika na mtu akairudishia pete ya mwisho kwa ustadi. Kuna wakati zote mbili ni fupi sawasawa, ndipo futi inapokuwa rafiki. Unganisha fimbo nzima, pima urefu wake, kisha linganisha na urefu ulioandikwa juu ya mpini, kwa mfano futi 8 na inchi 6. Ncha fupi hukata bei vibaya sana, hata fimbo ikiwa bado inavua.

Sasa shika kipande kimoja usawa wa jicho, ukitazama kutoka upande mnene kwenda mwembamba, ukikizungusha taratibu. Mpindo mrefu, mpole, unaotokana na miaka ya kuvuta samaki au kuegemezwa ukutani, si ugonjwa. Mpindo wa ghafla mahali pamoja ni jambo jingine: pale nyuzi zimekatika, au mtu alificha jeraha chini ya uzi wa hariri. Tazama pia kama kuna uzi uliofungwa mahali pasipo na pete wala kiungio, tena wa rangi tofauti kidogo na mwingine.

Ila usihukumu kila uzi. Fimbo za zamani zaidi zilibandikwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, inayoogopa unyevu, hivyo mafundi walizifunga hariri kila baada ya nafasi ndogo kutoka mpini hadi ncha. Ukiona nyuzi zimepangika kwa vipimo sawa mwili mzima, hayo ni mavazi yake ya kuzaliwa.

Unyevu huo ndio adui mkubwa wa fimbo zilizokaa Mufindi au Tukuyu. Washa tochi uimulike kwa pembeni, ufuate mistari sita ya maungio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mstari mzima hauonekani kwa urahisi. Ulioachia huonekana mweusi, una vumbi ndani, na kucha ya kidole gumba inaukwaza. Kishike kipande kwa mikono miwili iliyo karibu, kizungushe kidogo sana, kwa upole. Kikilia au vijiti vikiteleza kimoja juu ya kingine, gundi imekwisha. Kubandika upya ni kazi ya fundi mzoefu, na kwa fimbo ya kawaida gharama hiyo hailipi.

Kisha viungio vya chuma, dume na jike. Kwenye fimbo nzuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, una rangi ya fedha iliyopoa na haupati kutu nyekundu. Kwenye za bei ya chini utakuta shaba ya njano iliyopakwa kromu, na kromu inabanduka. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, sukuma dume ndani ya jike kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha, halafu uvute. Kiungio kizima hutoa mlio wa pop! kama kizibo kinachotoka kwenye chupa. Kisichotoa mlio wowote na kinachocheza kimelika. Shika mpini, tikisa fimbo kidogo tu, sikiliza: ukisikia tik, tik, kuna kiungio kimeachia ndani. Mulika mdomo wa jike uone kama umepasuka. Tazama pia mwanzi ulio chini kidogo ya kila kiungio, maana fimbo nyingi huvunjikia hapo, chuma kisichopinda kinapokutana na mwanzi unaopinda.

Mwenye fimbo asikushawishi kuisukuma ncha kwenye silingi bodi ili uone inavyopinda. Ncha hizi hazikutengenezwa kwa jaribio hilo.

Pete zinapita haraka. Ile kubwa iliyo karibu na mpini mara nyingi ina jiwe la akiki ndani. Pitisha soksi ya nailoni, ikinasa jiwe lina ufa na litaukata mshipi. Nyingine ni za waya uliopinda, angalia tu kama mshipi umechimba mfereji. Mpini wa koki, ile ya vizibo vya chupa, ukiwa mchafu husafishika, uliotafunwa na panya haurudi.

Mwisho kung'uta mfuko juu ya kitambaa cheusi. Ukiona unga laini wa njano na vitundu vidogo kama vya sindano kwenye mwanzi, ni wadudu walewale wanaokula tenga na nyungo. Achana nayo, hasa kama nyumbani una nyingine.

4. Soma maandishi

Juu tu ya mpini, chini ya vanishi, mara nyingi kuna maandishi ya wino: jina la mtengenezaji, la fimbo, urefu, pengine namba. Usiyasugue. Piga picha kwa tochi ya pembeni kisha kuza picha kwenye simu. Tazama pia chuma cha kushikia rili na kofia ya chini ya mpini.

Huku, kwa sababu ya historia, jina utakalokutana nalo mapema ni Hardy wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, kampuni iliyoanza mwaka 1872. Fimbo zake za mwanzi zina neno Palakona. Namba zake, zile zenye herufi mbele, huwasaidia wajuzi kukadiria mwaka. Na ipo njia nyepesi zaidi: kampuni ilijivunia kuwahudumia wafalme, na kwenye chuma utaona imetajwa. Ikiandikwa kwamba ilimhudumia hayati Mfalme George wa Tano, basi fimbo ilitengenezwa baada ya Januari 1936, alipofariki.

Wengine wa Uingereza ni Allcock na Milward wa Redditch, Farlow wa London, Sharpe's wa Aberdeen. Wafaransa wana Pezon et Michel wa Amboise. Ukisoma Army & Navy, hilo ni duka la London lililowauzia maofisa waliokwenda makoloni kila kitu kuanzia hema hadi vijiko; fimbo ilitengenezwa na mwingine, wao wakaweka jina. Maduka mengi yalifanya hivyo, kwa hiyo jina usilolijua lisikukatishe tamaa ikiwa kazi ni nzuri.

Za Marekani ni adimu huku, lakini ukiagiza nje utazikuta tele. Leonard, Payne na Garrison ni majina ya juu kabisa, na bei zake hufika maelfu ya dola. Montague, Horrocks-Ibbotson na South Bend zilitolewa viwandani kwa wingi. Kati ya hizo zipo zinazovua vizuri sana kwa bei ambayo mwalimu au nesi anaweza kuidunduliza.

5. Bei

Huwezi kumuuzia mtu wa Iringa mjini fimbo hii kesho asubuhi. Wanunuzi wako mbali na wanataka picha, vipimo na uaminifu. Kwa hiyo lipa kiasi ambacho ukikaa nayo miaka kumi hutajuta. Linganisha na bei ambazo fimbo za aina hiyo zimeuzwa kweli mtandaoni, siyo bei ambazo wauzaji wanaziomba. Tovuti za mnada kama eBay zinakuruhusu kuchuja zilizokwisha kuuzwa. Kisha punguza. Ncha moja fupi, punguza sana. Ncha moja imepotea, punguza zaidi. Gundi imeachia, au kipande cha katikati si cha fimbo hiyo, lipa bei ya vipuri. Imepakwa vanishi mpya na maandishi yamefutika, jina halihesabiki tena, hata mwenyewe akiapa.

Kama ni mkusanyaji anayeanza, chagua njia moja. Anayefuata Hardy pekee, au fimbo zilizotumika kuvulia nyanda hizi pekee, anajifunza haraka kuliko anayenunua kila mwanzi wenye pete. Mimi ningefuata za huku, kila moja na hati yake inayosema ilitoka nyumba gani na bonde gani.

6. Ukiagiza kutoka nje

Mwombe muuzaji urefu wa kila kipande kwa inchi, picha ya kila kiungio kwa karibu, na picha iliyopigwa kwa kutazama kipande kutoka nyuma kwenda mbele. Muulize waziwazi kama ncha ni za urefu wa awali. Akijibu kwamba yeye si mtaalamu wa fimbo, chukulia kwamba si za urefu wa awali na ukadirie bei hivyo.

Pendelea ya vipande vitatu. Fimbo ya futi 9 hugawanyika futi tatu tatu na husafiri bila shida, wakati ya vipande viwili inakuwa na futi nne na nusu. Sisitiza ifungwe ndani ya bomba gumu la plastiki la mafundi bomba, lenye vifuniko pande zote. Kabla ya kulipa, hesabu nauli, ushuru wa forodha na VAT, maana jumla hiyo inaweza kuizidi bei ya fimbo yenyewe. Ikifika Dar es Salaam, ije ndani ya basi ukiwa umeishika. Buti ya basi la Mbeya ina magunia.

7. Ikishafika nyumbani

Usikimbilie msasa wala vanishi ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkusanyaji analipia ngozi ya awali, yaani vanishi yake ya kwanza, hata yenye mikwaruzo. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji na sabuni laini, ikaushe papo hapo. Ndani ya viungio tumia pamba yenye spiriti kidogo, na isiguse mwanzi kwa sababu spiriti inaweza kula vanishi. Grisi hapana. Wavuvi wa zamani walipaka dume jasho la mafuta la pembeni ya pua, na inatosha.

Viungio vikigoma kuachana msivizungushe, kuzungusha ndiko kunakopasua mistari ya gundi. Kaeni wawili mkitazamana, kila mmoja mkono mmoja huku na mwingine kule, mvute kwa mstari ulionyooka.

Kuihifadhi: ndani ya mfuko mkavu, ikining'inia kabatini. Darini chini ya bati kuna joto la mchana na baridi ya usiku. Bomba la alumini ni zuri safarini, lakini fimbo yenye unyevu ikifungiwa humo inaota ukungu. Ukitoka mtoni iache nje ya mfuko hadi kesho yake, na msimu wa ukungu wa Mufindi ongeza siku. Gari lililofungwa juani nalo ni hatari kwa gundi ya zamani.

8. Kabla ya kuivulia

Fimbo za zamani zilitaja unene wa mshipi kwa herufi. HEH ni karibu na namba 5 ya leo, HDH namba 6, HCH namba 7. Mfumo wa namba uliingia karibu mwaka 1960, kwa hiyo fimbo iliyo na namba badala ya herufi ama ni ya baada ya hapo ama imeandikwa upya. Ukiwa na shaka, anza na mshipi mwepesi. Jaribu kwanza kwenye majani, na kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoana.

Mtoni, ndoana ikinasa kwenye gogo usivute kwa fimbo. Ielekeze fimbo kwenye mshipi na uvute mshipi kwa mkono.

Leseni ya uvuvi ulizia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Mito iliyo ndani ya mashamba ya chai inahitaji ruhusa ya ofisi ya shamba, na kwa ile ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo waulize TANAPA kabla hujapakia fimbo kwenye gari.